Kabla Hujaikanda Shingo: Maswali, Tochi na Mashine ya Presha

Wengi wanaokuja fiziotherapia wakilalamika shingo wana shingo inayouma tu. Wamelala vibaya, wameshinda wameinamia cherehani au simu, wamebeba ndoo kichwani miaka nenda rudi. Unawakanda, unawapa mazoezi, wanarudi kazini. Haya ninayoandika yanawahusu wale wachache wanaoingia na maneno yaleyale, "Dokta, shingo imekaza," kumbe ndani mna kifua kikuu cha pingili (mifupa ya mgongo na shingo), au ateri imechanika, au uti wa mgongo unabanwa. Nawaandikia hasa vijana waliotoka chuoni juzi wakapangiwa hospitali ndogo, mahali ambapo picha ya MRI ni safari ya kutwa nzima na fiziotherapia ni chumba kimoja nyuma ya wodi, kama hiki changu huku Tanga.

Vifaa si vya kutisha: mashine ya presha, kipimajoto, tochi (ya simu inatosha), nyundo ya mpira, pamba na kikombe cha maji. Viweke mezani. Kilichofungiwa kabatini hakitumiki, na mwenye ufunguo siku zote yuko semina.

Anza kwa kusikiliza. Mgonjwa akiachwa aseme bila kukatizwa, humaliza upesi kuliko unavyodhani, na mara nyingi jibu liko katika yale ambayo usingemuuliza. Akinyamaza ndipo uulize.

Imeanza lini, na ilianzaje? Maumivu yaliyokuja taratibu tangu kiangazi ni habari moja. Anayekuambia, "Nilikuwa nafua, ghafla kichwa kikapasuka," na maumivu yakafika kileleni ndani ya dakika moja, huyo hana kazi na wewe. Huenda damu inavuja kwenye ubongo. Mpeleke chumba cha dharura sasa hivi, na usimwache atembee peke yake.

Umewahi kuumwa hivi? Mwenye kipandauso anakijua kipandauso chake, na mama wa kubeba mizigo anayajua maumivu ya mizigo. Mtu mzima akisema, "Haya si yale niliyoyazoea," mheshimu. Ni kauli nzito kuliko alama yoyote kati ya sifuri na kumi utakayomlazimisha akupe.

Usiku inakuwaje? Kila shingo mbovu inauma mtu akijigeuza kitandani, kwa hiyo swali la "inauma usiku?" halikusaidii. Uliza hivi: ukipata mkao mzuri, ukatulia, yanapungua? Asiyepata mkao wowote, anayeamka akazunguka uani hadi alfajiri, mtazame kwa makini.

Umepungua? Wengi hawana mzani nyumbani. Uliza kama gauni limekuwa kubwa, kama mkanda wa suruali umeongezwa tundu. Uliza homa za jioni na jasho la usiku linalolowesha shuka. Hapa Tanga kila mtu anatoka jasho, kwa hiyo uliza kama analazimika kubadilisha nguo wakati wenzake chumbani wamelala makavu.

Unameza dawa gani? Hesabu naye. Anayemeza panadol au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, huenda dawa zenyewe ndizo zinazomletea kichwa. Aliyetumia prednisoloni (dawa ya steroidi) muda mrefu, mifupa yake inaweza kuvunjika kwa kitu kidogo.

Nani ameishika shingo hii kabla yangu? Swali hili sikulikuta kwenye fomu yoyote nikaliongeza mwenyewe, kwa sababu ya vinyozi. Nitalirudia.

Mwanamke wa umri wa kuzaa muulize siku zake. Na kila mwenye kichwa kisichoisha muulize VVU, mlango ukiwa umefungwa na shemeji yake amebaki nje. Mimi husema, "Mama, swali hili namuuliza kila mwenye maumivu ya kichwa: mara ya mwisho ulipima VVU lini?" Likiulizwa kwa sauti ya kawaida hujibiwa kwa sauti ya kawaida.

Neno moja kuhusu orodha za dalili za hatari. Chuoni tulizikariri, na mtu akizifuata moja moja atapeleka rufaa wagonjwa wote wa Jumatatu, maana nani hana zaidi ya miaka 50, au hajaamka usiku kwa maumivu? Dalili moja peke yake mara nyingi haisemi kitu. Zipo zinazotosha peke yake, kama kile kichwa cha ghafla au mdomo uliopinda leo asubuhi, lakini kwa nyingine angalia zinavyoungana na zinaelekea wapi: wiki hii ni mbaya kuliko iliyopita? Ukiwatuma wote, daktari wa OPD (idara ya wagonjwa wa nje) ataacha kusoma barua zako, na ile moja ya kweli itapita humo humo.

Presha, kila mtu, kila mara

Mkalishe dakika tano, miguu sakafuni, mkono mezani, mkanda juu ya ngozi na si juu ya sweta, bila mazungumzo. Mwongozo wa kimataifa wa kuchunguza mishipa ya damu ya shingo, uliohuishwa na wafiziotherapia mwaka 2020, umeweka kupima presha miongoni mwa vipimo vya msingi. Watu wetu wana msemo kwamba kisogo kikiuma ni presha. Presha nyingi hazitoi dalili yoyote, na visogo vingi vinauma kwa misuli, kwa hiyo usiukubali msemo wala usiukatae. Pima.

Ikifika 180 kwa 120 au zaidi, subiri dakika chache urudie. Ikibaki hapo, shingo hiyo haikandwi leo. Akiwa pia na kichwa kikali, macho yenye ukungu, maumivu ya kifua, ulegevu upande mmoja au amechanganyikiwa, ni dharura. Akiwa hana dalili hata moja, amwone daktari siku hiyohiyo kabla ya kwenda nyumbani.

Mjamzito ana kipimo chake. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140 kwa 90 pamoja na kichwa, kuona nyotanyota, maumivu ya chembe ya moyo au kuvimba uso, ni ya wodi ya wazazi, na ni leo. Hatari ya kifafa cha mimba haiishi mtoto akizaliwa. Inaweza kumfuata mama hadi wiki sita baadaye. Huyu ndiye anayenitisha zaidi, kwa sababu anaingia na kichanga mgongoni akisema shingo inamuuma kwa kuinama kunyonyesha, na maelezo yake yanaeleweka kabisa. Ukitangulia kumkanda, utakuwa umemkanda mtu anayeelekea kwenye degedege.

Ateri, na habari ya vinyozi

Damu inapanda kichwani kwa ateri nne, mbili mbele ya shingo na mbili zinazopita ndani ya matundu ya pingili. Utando wa ndani wa ateri ukichanika, damu hujipenyeza kwenye ukuta, bonge la damu linajitengeneza, na kipande chake kikisafiri hadi kwenye ubongo ni kiharusi. Huwapata hata watu wa miaka 30 na 40 wasio na presha wala sukari. Huweza kuanza baada ya kitu kidogo tu: kugeuza shingo kwa nguvu, kukohoa sana, ajali ndogo, mafua makali ya majuzi.

Ugumu wake ni kwamba mwanzoni kinachouma ni shingo na kichwa, kwa kawaida upande mmoja, na mgonjwa ana kila sababu ya kuja kwako. Dalili za ubongo zinaweza kuchelewa kwa saa au siku. Basi ziwinde. Anaona vitu viwiliviwili? Ulimi mzito? Maji yanampalia? Uso una ganzi? Anayumba, amezimia, kizunguzungu kina matapishi? Kisha punguza mwanga chumbani na mwangalie machoni. Kope la juu lililoteremka kidogo, na mboni ya upande huohuo ikabaki ndogo wakati mwenzake imepanuka gizani, ni ishara kwamba ateri ya mbele imeumia hadi mtu athibitishe vinginevyo. Mchana wa jua kali dirishani hutaiona.

Sasa vinyozi. Saluni nyingi mjini, baada ya kunyoa na kuosha, kijana anakukanda mabega, kisha anakishika kidevu na kisogo na kuivunja shingo, kwa! kulia, kwa! kushoto. Wateja wanaipenda sauti ile. Mimi nawaambia wagonjwa wangu wazi: lipia kunyolewa, lipia hata maski ya uso, shingo kataa. Na kina mama wanaooshwa nywele wakiwa wamelaza shingo nyuma kwenye ukingo mgumu wa sinki waombe taulo na wasikae hivyo muda mrefu. Vipo visa vya kiharusi vilivyoandikwa kwenye majarida ya kitabibu baada ya mkao huo.

Kipo kipimo cha zamani cha kulaza kichwa nyuma, kukigeuza na kukishikilia ili uone kama kizunguzungu kitakuja. Uwezo wake wa kuutambua ugonjwa ni dhaifu, na kisipoonyesha kitu hakikuhakikishii lolote. Mimi sikifanyi.

Uso na mishipa ya fahamu

Dakika tatu zinatosha. Afuate kidole chako kwa macho pande zote bila kugeuza kichwa. Mulika mboni moja moja. Gusa kwa pamba paji, shavu na kidevu, kulia na kushoto. Akunje paji la uso, afumbe macho kwa nguvu, aonyeshe meno, atoe ulimi, aseme "aaa", ameze funda la maji, apandishe mabega ukiwa umeyakandamiza.

Wagonjwa wa mdomo kupinda huletwa kwetu moja kwa moja, wengine baada ya kupitishwa kwa mganga kwa sababu wamepigwa na upepo. Tazama paji. Upande uliolegea ukiweza bado kukunja paji, tatizo liko kwenye ubongo, na huyo ni mgonjwa wa kiharusi. Upande mzima ukiwa umelala, paji, jicho na mdomo, yaelekea ni mshipa wa uso wenyewe. Hapo angalia sikio kama lina malengelenge, papasa mbele na chini ya sikio kama kuna uvimbe, uliza VVU, na umfikishe kwa daktari siku hiyo, maana prednisoloni inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Tiba ya umeme na mazoezi ya uso vitasubiri. Jicho lisilofumba halisubiri, lilindwe lisikauke.

Mikono inayoangusha vikombe

Uti wa mgongo ukibanwa shingoni, mgonjwa anaweza asitaje shingo kabisa. Atasema anaangusha vikombe, hawezi kufunga vifungo, uzi hauingii kwenye sindano. Atasema miguu mizito, anajikwaa pasipo na jiwe. Haja ndogo inambana ghafla. Wazee hudhani ni uzee, na watoto wao wanakubali.

Mwambie afumbe na kufumbua ngumi haraka kwa sekunde 10. Mwenye afya hufikisha 20. Akiwa chini ya hapo, endelea kuchimba. Atembee kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma. Kisha vipimo vitatu: shika kidole chake cha kati na uufyatue ukucha, uone kama kidole gumba kinajikunja chenyewe, gonga kano iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono upande wa kidole gumba, uone kama vidole ndivyo vinavyojikunja badala ya kiwiko, kwaruza wayo kutoka kisigino, uone kama kidole gumba cha mguu kinapanda juu. Ongeza mwendo mbovu na umri wa zaidi ya miaka 45, yanakuwa mambo matano. Matatu yakiwapo, shuku sana. Likiwa moja au hakuna, uwezekano ni mdogo. Anayeshukiwa usimvute shingo wala usiipinde.

Mwenye baridi yabisi ya viungo ya muda mrefu na mtoto mwenye hali ya Down wanaweza kuwa na pingili mbili za juu zilizolegea. Kwao kanuni ni hiyohiyo hata bila dalili.

Kifua kikuu kisicho na kikohozi

Daktari wa Uingereza Percivall Pott alieleza ugonjwa huu wa pingili mwaka 1779, na hadi leo vitabu vinautaja kwa jina lake. Hupenda zaidi mgongo wa kati na kiuno; shingoni ni mara chache, lakini huko nafasi ni finyu na uti wa mgongo uko karibu.

Sahau kikohozi. Wengi wa hawa mapafu yao ni safi na makohozi hayaonyeshi kitu, na ndiyo maana wanazungushwa miezi kwa sindano za diklofenaki. Utakachoona ni shingo iliyouma wiki baada ya wiki ikizidi, mtu anayegeuka mwili mzima kama mlango, na homa ndogo za jioni. Mtoto anakataa kucheza. Usaha ukikusanyika nyuma ya koo, kumeza kunakuwa kazi na sauti inabadilika. Uvimbe unaweza kuwapo bila joto wala wekundu. Na iko ishara moja ambayo ukishaiona hutaisahau: anapoinuka kitandani, anakishika kichwa chake kwa mikono miwili na kukibeba. Huyo mlaze, mvishe kola ya kushikilia shingo, mtafute daktari. Usijaribu hata kidogo kuona shingo inageuka kiasi gani.

Jirani yake ni homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi wa kriptokokasi, ambayo huwaandama wenye VVU walioshuka kinga. Ile ya bakteria tunaijua: homa kali, shingo ngumu, mwanga unaumiza macho. Hii ya fangasi inanyemelea. Kichwa kinauma wiki mbili, tatu, kinazidi, kinaleta matapishi, macho yanaona mawili, na shingo inaweza kuwa laini kabisa. Usimrudishe nyumbani kwa sababu kidevu kimegusa kifua. Kuna kipimo cha damu cha haraka cha kutafuta kriptokokasi. Kiandike kwenye barua yako.

Taya, tezi na moyo

Taya lisilofunguka si la kukandwa mpaka ujue kwa nini. Uliza kidonda, hata cha msumari au mwiba wa juma lililopita: pepopunda huanza na taya, halafu shingo na mgongo. Chungulia meno. Uvimbe chini ya kidevu, ulimi ulioinuliwa na mate yanayomtoka maana yake njia ya hewa iko hatarini.

Mtoto aliyevimba taya na meno yanalegea anaweza kuwa na limfoma (saratani ya tezi) ambayo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa Kampala, aliieleza mwaka 1958. Inaitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Mtu mzima mwenye tezi ngumu shingoni isiyouma, sikio moja lililoziba na tundu moja la pua linalotoka damu, apelekwe akaangaliwe nyuma ya pua. Papasa shingo nzima hadi juu ya mtulinga, na ili upapase ni lazima uione. Omba ruhusa, vuta pazia, mwite muuguzi wa kike ikibidi, mtandio ufunguliwe. Shingo iliyochunguzwa juu ya nguo haijachunguzwa.

Maumivu ya taya na shingo yanayokuja akipanda kilima na kuondoka akipumzika ni ya moyo.

Aliyeanguka

Kwa mtu mzima aliye na fahamu zake kamili, fuata kanuni ya Wakanada ya mwaka 2001. Eksirei kwanza, au picha ya CT kama ipo, ikiwa ana miaka 65 au zaidi, ikiwa mikono au miguu ina ganzi au kuchomachoma, au ikiwa ajali ilikuwa ya hatari: kuanguka kutoka mita moja au ngazi tano, kugongwa akiwa kwenye baiskeli, gari kupinduka, kitu kugonga utosi. Wetu wa bodaboda na wa kwenye minazi wote wamo, na vijana wanaopiga mbizi maji yakiwa yamekupwa pia. Asiye na hayo, anayetembea, asiyeumia mfupa wa katikati ukibonyezwa, mwambie ageuze shingo mwenyewe nyuzi 45 kila upande. Akiweza, haihitaji picha.

Barua

"Maumivu ya shingo, tafadhali msaidie" si rufaa. Andika ulichokiona kwa namba na kwa upande: "Mwanamke, miaka 38, maumivu ya shingo wiki sita yanazidi, homa za jioni, anabeba kichwa kwa mikono akiinuka, joto 37.9, presha 118/76, ngumi 12 kwa sekunde 10, wayo wa kulia kidole kinapanda. Nashuku kifua kikuu cha pingili za shingo na uti kubanwa. Sijamkanda. Amevaa kola." Kisha nenda nayo mwenyewe OPD, au piga simu. Karatasi iliyobebwa na mgonjwa hukaa foleni pamoja naye.

Mgonjwa mwambie ukweli kwa kipimo. "Baba, shingo yako sitaishika leo. Kuna dalili mbili zinazotaka picha kwanza." Akiuliza kama ni kansa, mjibu kwamba hujui na ndiyo maana unampeleka. Akikosa nauli, zungumza na ustawi wa jamii wa hospitali kabla hajatoka getini.

Na wale unaowabakiza, maana ndio wengi, waambie watakachorudia haraka bila kungoja miadi: kichwa cha ghafla kisicho cha kawaida, macho mawilimawili, ulimi mzito, mkono au mguu kulegea, kushindwa kuzuia haja, homa. Yaseme kwa ndugu aliyekuja naye, umwombe ayarudie kwa mdomo wake. Pima tena presha na ngumi kila ziara. Baada ya ziara tatu au nne za matibabu sahihi bila nafuu yoyote, anza upya kutoka swali la kwanza, ukijifanya hujawahi kumwona.